Mlango wa Chumba Namba Tano

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila mawingu yakijikusanya upande wa Kongo hunirudia nzima nzima, kama mgeni anayeijua njia. Nilikuwa nimeketi nyumbani kwangu Arua, kwenye kiti changu, chai mkononi. Mke wangu Letaru alikuwa uani anaanua nguo kabla hazijalowa. Simu ikalia. Nikapokea, nikaongea kidogo, nikamalizia kwa sentensi moja ambayo niliiona tamu hata nikaicheka mwenyewe, kisha nikairudisha simu mfukoni na chai mdomoni. Andazi lilikuwa halijapoa. Ni sentensi hiyo inayonifanya nikuandikie leo, maana nimesikia umepata kiwanja, na nimesikia mtu wa mikopo anakupigia simu kila siku na kukuita bosi.

Nilikuwa kijana wakati huo. Nikisema hivyo Letaru hucheka, kwa kuwa nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na mvi zangu za kwanza. Lakini ujinga nao una ujana wake, na wangu ndio kwanza ulikuwa unaota ndevu.

Unanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Jogoo wa Letaru ametembea kuliko mimi. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa ghala la tumbaku mpaka ghala likafungwa, na tangu hapo nikawa natafuta biashara ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa ameketi. Nikaambiwa, jenga vyumba vya kupangisha. Nyumba hailimwi, haichungwi, haiugui. Wewe unakaa, yenyewe inazaa kila mwezi. Kwa mvivu hakuna neno tamu kuliko hilo, na mimi nililimeza na mbegu zake.

Ulikuwa mwaka ule watu wa Sudan Kusini walipokuwa wakivuka mpaka kuingia Uganda kupitia Koboko, magodoro vichwani, watoto wakishikana mikono kwa mstari. Shida ikatangulia, magari meupe ya mashirika ya misaada yakafuata nyuma yake. Mashirika yakataka vyumba vya wafanyakazi wao, na kodi Koboko ikapanda hata wenye mabanda ya kuku wakaanza kuyapaka chokaa. Nami, Mungu anisamehe, nilipowaona wale watu na magodoro yao sikuona watu. Niliona wapangaji.

Kiwanja nilikuwa nacho Koboko, nyuma ya soko, kidogo, alichoniachia baba. Pesa ya kujenga sikuwa nayo. Wakopeshaji walisema kiwanja kitupu hakitoshi, walitaka rehani yenye uzito. Uzito pekee tuliokuwa nao ukoo mzima ni shamba la Manibe, nje kidogo ya Arua, na juu ya shamba hilo aliishi shangazi yangu Munduru, dada wa baba, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume. Alikuwa analima muhogo na simsim, ana nyumba moja ya nyasi iliyofagiliwa kuliko kanisa, na mdomo ambao wazee wa kiume walikuwa wanauzunguka kwa mbali. Wakopeshaji walitaka naye akubali, kwa sababu ndiye aliyekuwa anakaa pale.

Nilimpelekea karatasi na kisanduku cha wino.

"Inasema nini hii?" akaniuliza.

"Inasema unakubali, shangazi."

"Nakubali nini?"

"Shamba lisimame kama shahidi wangu."

Akaligeukia shamba, akalitazama kama mtu anayehesabu mbuzi. "Shamba halisimami, mtoto wa kaka yangu. Shamba hulala. Ndiyo maana kila asubuhi tunalikuta mahali pake."

"Ni karatasi tu, shangazi."

"Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akachovya kidole gumba.

Kumbuka hapo, mwanangu. Mtu asiyejua kusoma alinipa kidole chake kwa sababu mimi nilijua. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walishasema, lakini hawakusema kwamba harusi huwa ya mmoja na matanga huwa ya ukoo.

Nikajenga vyumba vinane kwa mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake na dirisha lake dogo, vile ambavyo huku tunaviita mizigo. Jina hilo peke yake lingetosha kunionya. Mkopo wenyewe ulianza kudai mwezi uliofuata, wakati vyumba vyangu vilikuwa bado havina paa. Nilikuwa nimekopa pesa ya kurudishwa kwa miaka miwili ili nijenge kitu cha kurudisha pesa yake kwa miaka kumi. Hesabu hiyo mtoto wa shule ya msingi angeikataa. Mimi wa kidato cha nne niliiona ni ujasiri.

Lakini mwanzo ulikuwa mtamu. Shirika moja lilichukua vyumba vyote vinane na kulipa mwaka mzima mbele. Nilishika pesa nyingi kuliko nilizowahi kushika, na kitu cha kwanza nilichonunua ni kiti. Kiti kikubwa cha sofa, cha rangi ya udongo, chenye mikono minene. Letaru alisema, "Weka akiba, baba. Wageni huondoka." Nikamwambia akae pembeni aone dunia inavyoendeshwa kutoka kwenye kiti. Kila lilipotakiwa rejesho nililipa kwa kifua mbele. Mwaka ulipokwisha, kijana mmoja wa shirika akanipigia, akasema kwa heshima sana kwamba bajeti imekwisha na wanahamia kwingine. Magari meupe yakaondoka jinsi yalivyokuja. Vyumba vinane vikabaki vimeachama midomo, na mkopo ulikuwa bado na karibu mwaka wa kuishi.

Hapo ndipo nilipopata wapangaji wa kweli. Mshona viatu, mpika chapati, vijana wawili wa pikipiki, na katika chumba namba tano mwanamke mmoja aitwaye Keji. Alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka, Mkakwa, na Kikakwa chake kilikuwa kile kile cha Koboko na Ludara, maana mpaka umepita katikati ya ndugu. Alikuwa na binti wa miaka minne na mtoto wa kiume wa miezi saba jina lake Yona. Aliuza chai sokoni. Mume alikuwa amebaki kule, na hakuna aliyejua amebaki vipi.

Wapangaji hawa sikuwajua mimi. Alinisimulia Ezama. Ezama alikuwa mwanajeshi wa zamani niliyempa chumba namba moja bure ili aniangalizie nyumba. Mimi nilikaa Arua. Kutoka Arua hadi Koboko ni barabara ya lami, mwendo wa saa moja hivi, lakini kwa miezi saba sikukanyaga pale. Nilikuwa naiendesha nyumba kwa simu, na nikijisifu kwa majirani kwamba biashara ya kisasa haitaki vumbi. Wahenga wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, haiui nyoka.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe unalijua lakini sijui kama umewahi kulitazama usoni. Huku kwetu mwenye nyumba hampeleki mpangaji mahakamani. Humng'olea mlango. Hakuna anayekufukuza. Kitanda chako kipo, sufuria zako zipo, hakuna aliyekutukana wala kukugusa. Ila ukirudi kutoka sokoni unakuta mlango umekwenda, umetolewa kwenye bawaba zake na kufungiwa stoo, na wewe unaelewa. Unalala na mbwa, na mwizi, na macho ya wapita njia, mpaka ulipe au uondoke kwa miguu yako mwenyewe. Sisi wenye nyumba tunauona ni upole, kwa sababu hakuna damu.

Asubuhi ile Ezama alipiga kuniambia habari za kodi.

"Muzee, namba tano bado."

"Miezi mingapi?"

"Mbili, na hii ingine imeingia. Anasema mtoto iko mugonjwa kifua. Anaomba wiki moja."

"Ezama, tarehe ya kodi ikifika Koboko nzima hukohoa."

Hakucheka. Nilimsikia anahema. "Huyu mutoto anakohoa kweli, muzee. Na mawingu iko."

Nilikuwa na rejesho la wiki ile, na aliyenikopesha alikuwa ameacha kuniita bosi. Lakini sitaki kusingizia rejesho. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeketi vizuri, nikawaza neno la kuchekesha, na neno la kuchekesha likija kwangu siwezi kulizuia. Nikamwambia, "Toa mlango, kisha umwambie kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."

Ndiyo sentensi yenyewe. Methali ya watu wazima, nikaigeuza kuwa mzaha wa kumvunjia heshima mama mnyonge.

Mvua ilianza mchana huo na ikakaa siku tatu. Sijui kama unaikumbuka mvua ya aina hiyo, isiyo na radi, isiyo na hasira, inayonyesha tu kama mtu aliyeajiriwa kwa siku. Nilivuta blanketi hadi kidevuni. Nilimwambia Letaru kwamba hakuna muziki kama mvua juu ya bati la mtu aliyelipa bati lake. Siku ya pili Ezama alipiga mara mbili. Niliona jina lake, nikawaza paa linavuja na sasa anataka pesa ya misumari, nikaigeuza simu uso chini juu ya mkono mnene wa kiti. Siku ya tatu nilipokea.

"Muzee," akasema, "mutoto amekwisha."

Nikauliza mtoto gani. Nilijua, lakini niliuliza.

Nilipanda gari la abiria siku hiyo hiyo. Njiani nilitunga maneno ya pole, nikayapanga vizuri kama barua. Nilipofika sikuyatumia. Palipokuwa mlango wa namba tano palikuwa na kitenge kilichofungwa kwa misumari miwili, kimelowa hadi kimekuwa kizito, hakipepei. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani kabisa, sehemu ya nyuma, na bado godoro lilikuwa na alama ya maji nusu yake. Karibu na kizingiti walikuwa wamepanga matofali mawili na gunia la mchanga kuzuia maji. Mke wa mshona viatu alinieleza bila kunitazama. Siku ya pili Keji alimpeleka mtoto kituo cha afya. Wakampa dawa, wakamwambia amweke mahali pakavu penye joto. Akarudi naye humo. Akamwomba Ezama mlango. Ezama akasema hana ruhusa, akapiga simu, simu haikupokelewa, akapiga tena.

Jirani walikuwa tayari kumchukua mtoto kwao, lakini kila chumba kina watu sita na kila mtu alijua mwenye nyumba hapendi wapangaji wapokeane vyumbani. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Niliitunga pia kwenye kiti.

Keji alikuwa ameketi chini, mtoto amefunikwa mapajani, binti amelala amejikunja ubavuni mwake. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa hata nimejitayarishia matusi yake, maana matusi ni malipo, ukishatukanwa unahisi umelipa kidogo. Alinyanyua uso akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukari:

"Mzee, mlango unarudi leo? Huyu mwingine bado analala humu."

Mwanangu, nimeishi na swali hilo miaka hii yote na bado sijapata mahali pa kulikalisha.

Kisha ikaja habari ya kuzika. Mtu wetu anazikwa nyumbani, kwenye ardhi yenye watu wake. Kwao Keji kulikuwa na risasi. Pale Koboko alikuwa mpangaji, na mpangaji hana udongo, ana sakafu tu. Nilisema haraka haraka kwamba nitalipia nafasi kwenye makaburi ya mji. Wanawake wakanigeuzia mgongo, nikatoka nje. Nikasimama chini ya mchirizi wa bati, nikampigia shangazi Munduru. Nadhani nilitaka mtu wa kunionea huruma. Mtu mwenye makosa hutafuta mama.

Nilimweleza kila kitu. Kwa mara ya kwanza hakunikatiza.

"Umesema mlango uko wapi?" akauliza mwishoni.

"Uko stoo kwa Ezama."

"Mlete mtoto hapa. Mama yake na dada yake waje. Na mlango uje nao."

"Mlango wa nini, shangazi?"

"Uje nao," akasema, na simu ikakatika.

Tulifika Manibe kwa gari la kukodi, Ezama akiwa nasi, mlango umelazwa nyuma kati ya miguu yetu. Ulikuwa mlango wa mbao za msaji, mzito, nilikuwa nimejivunia mbao zile. Mvua ilikuwa imekatika. Shangazi alimpokea Keji, akamketisha ndani ya nyumba yake, akampa uji, akamfunika binti. Kisha akatoka nje kuja kwangu. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika, na fundi seremala wa kijiji alikuwa amekuja na msumeno.

"Huo hapo," shangazi akamwambia fundi akionyesha mlango. "Kata sanduku."

Fundi akanitazama mimi. Nikatazama chini.

"Na wewe," shangazi akaniambia, "utachimba."

"Shangazi, vijana wapo. Naweza kuwapa kitu kidogo…"

"Mlango uliutoa kwa simu. Simu haichimbi kaburi." Hakupaza sauti. Watu wakasogea karibu ili wamsikie. "Mimi ni mwanamke wa shamba, sijui biashara yako. Ninachojua, hata kuku anayetaga kichakani akinyeshewa hafukuzwi, anasubiriwa mvua ipite. Wewe ulimuuliza mama huyu pesa. Je, uliuliza mvua?"

Nilichimba. Mikono yangu ya karani ikapasuka kabla sijafika magotini. Ezama aliruka ndani akanisaidia bila kuombwa, tukachimba pamoja, na nilipoona machozi yanamtoka nikaelewa kwamba nilikuwa nimemfanya yeye mkono wa ulimi wangu, na kwamba atabeba hilo ingawa amri haikuwa yake. Ukimtuma mtu kufanya uovu, mwanangu, unakuwa umefanya maovu mawili.

Sanduku lilikuwa dogo, mlango ulibaki nusu. Lakini fundi hakuweza kukwepa sehemu ya kitasa, na kwenye kifuniko, upande wa kichwa, likabaki tundu la ufunguo. Shangazi akaliona. Akachana kipande cha kitenge chake mwenyewe, akakisokota, akalijaza lile tundu kwa kidole gumba, polepole, mpaka likaziba. "Udongo usimwingie machoni," akasema. Kilikuwa kidole kile kile cha wino.

Tukamzika Yona kando ya baba yangu na ndugu zake.

Unadhani habari imeishia hapo. Deni halijui matanga. Miezi michache baadaye nilishindwa kabisa kulipa, na wakopeshaji wakaja Manibe na mnunuzi. Ndipo shangazi akajua kile kidole chake kilikuwa kimefanya nini. Hakupiga kelele. "Kumbe ndiye shahidi uliyemsema," akaniambia, kisha akachukua jembe lake akaenda kupalilia, akaniacha na wageni.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa viatu safi. Akapita mihogo, akapita simsim, akafika kwenye makaburi. Makaburi ya wenye shamba alikuwa ameambiwa, hayo huzungumzika. Akasimama kwenye lile dogo, jipya.

"Hili la nani?"

"La mgeni," nikasema.

"Mgeni wa nani?"

Nikafungua mdomo. "Wangu."

"Alikufaje?"

Keji alikuwa anapalilia hatua kumi kutoka pale. Alikuwa amebaki. Shangazi alishamwambia kwamba mwenye kaburi mahali ana kwake mahali, akampa nafasi ya kujenga, na hajaondoka mpaka leo. Alinyoosha mgongo, akasubiri jibu langu pamoja na yule mnunuzi. Nikasema ukweli, wote. Mnunuzi alinisikiliza hadi mwisho, akarudi garini akifuta viatu kwenye nyasi. Wa pili alikuja, akauliza yale yale, akaondoka. Wa tatu hakuja. Huku kwetu mtu hanunui udongo uliobeba mtoto wa wengine aliyekufa vile. Angelala vipi juu yake?

Wakopeshaji walipochoka wakakubali nilichokuwa nimewaomba tangu mwanzo, niuze vyumba vya Koboko. Viliuzwa kwa bei ya kuokota, vikalipa deni bila kubakiza hata ya soda. Kiti nilikuwa nimekiuza kabla. Siku hizi nakaa kwenye kigoda, na kigoda ni kizuri, hakimwachi mtu akasahau mgongo wake. Shamba likabaki. Shangazi Munduru alifia nyumbani kwake, kwenye nyumba yake iliyofagiliwa, akazikwa kando ya kaka yake, na kati ya kaburi lake na la Yona hakuna hata hatua mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa naitamka methali hiyo kwenye harusi. Mtoto niliyemnyima mlango ndiye aliyetulindia ardhi, na sijui hata nishukuru kwa mdomo gani.

Naenda Manibe mara kwa mara, mimi mtu wa nyumbani. Keji ana nyumba ya matofali sasa. Binti yake ni mkubwa, yuko shuleni. Hunisalimu kwa heshima, hunitolea kigoda nje, hunipa maji ya kunywa. Hajawahi kunikaribisha ndani. Mvua ikianza huniaga, huingia, na nasikia komeo likipita. Mimi hubaki chini ya ukingo wa bati, nikisubiri ipungue. Sijawahi kubisha hodi.

Basi sikia, mwanangu, nikuambie waziwazi kabla hujapewa kalamu. Ukikopa, kopa pesa ambayo muda wake unalingana na kile unachojenga, na kabla ya kutia saini jiulize, chumba kikikaa kitupu nusu mwaka nitalipa na nini. Kama jibu ni Mungu atajua, usitie saini, maana Mungu anajua na wewe pia unajua. Usiweke rehani mahali ambapo mtu mwingine analala, hata akikupa kidole chake, hasa akikupa kidole chake. Usijengee wageni wenye magari ukasahau muuza chai, kwa kuwa mwenye gari ataondoka nalo na muuza chai ndiye atakayebaki. Kodi ya mwanzo usinunulie kiti. Iweke, hiyo ndiyo itakayokupa uwezo wa kumwambia mtu, wiki moja nimekupa. Mtu asiye na akiba hana uwezo wa kuwa na huruma, nami nililijua hilo kwa kuchelewa. Nyumba yako uitembelee kwa miguu. Mpangaji wako umjue kwa uso, ujue na mtoto wake anaitwa nani. Akishindwa kulipa, kaa naye chini, mwite mwenyekiti wa kijiji, muandikishane, na ikibidi aondoke, aondoke siku kavu na mizigo yake mikononi. Lakini mlango usiuguse. Mlango si mali ya mwenye nyumba. Siku ulipompa ufunguo, ulishampa.

Nenda sasa ukajenge, sikukatazi. Mungu akibariki kiwanja chako, matofali yako yaive vizuri, bati lako lisivuje. Watoto wako wakuzike wewe, usiwazike wao wala wa mwenzako. Na kila atakayelala chini ya paa lako, awe amelipa au bado, mvua ikitoka Kongo imkute amefunga mlango wake kwa ndani.